Tumlipe Fundi kwa Kuitafuta Hitilafu

Katika kazi zote ziletwazo mbele ya mafundi wa vyombo vya umeme hapa Bukoba, kuanzia vibanda vya Nshambya na Kashai hadi zile meza ndogo zilizowekwa chini ya vipenu karibu na stendi, hakuna iliyo nzito, wala hakuna inayolipwa kidogo kwa kadiri ya uzito wake, kama kazi ya televisheni bapa iliyoingiwa na hitilafu ya umeme yenye kuja na kuondoka. Chombo kilichokufa kabisa hakimtaabishi fundi mwenye mita na akili timamu, kwa sababu hitilafu yake hukaa mahali pamoja ikingoja kuonekana. Bali chombo kinachozimika saa mbili usiku na kuwaka chenyewe asubuhi, bila ya kuguswa na mtu, hicho humtaka fundi subira na utulivu na wakati, na wakati huo, kwa desturi tuliyojiwekea wenyewe, hapatikani mtu wa kuulipia. Nia yangu leo ni kuipinga desturi hiyo, maana naamini kwa yakini kwamba ndiyo inayowafanya mafundi hodari wafanye kazi duni, na ndiyo inayowatoza wananchi wa hali ya chini fedha nyingi kuliko walizodhani wameziokoa.

Hali yenyewe wengi wameiona majumbani mwao. Mwenye nyumba ameketi pamoja na ahali zake wakisikiliza taarifa ya habari. Picha ipo, sauti ipo. Ghafula kioo kinakuwa cheusi, ile taa nyekundu ya chini inapepesa mara mbili tatu, kisha kila kitu kinarejea kana kwamba hapakutokea jambo. Juma zima hupita kwa salama. Halafu, siku moja ya mvua, chombo kinakataa kuwaka tangu magharibi, kikawa kinatoa mlio mdogo wa tiki, tiki, tiki kutoka mgongoni mwake, na usiku ukiisha kuwa mwingi, wakati watoto wamekwisha kulala na mwenyewe amekata tamaa, kinawaka. Ni homa ya vipindi hasa: mgonjwa akifikishwa kwa tabibu wakati joto limeshuka, hupimwa akaonekana mzima, akarudishwa kwake na aibu ya kudhaniwa mzushi.

Sasa, kabla ya fundi yeyote kushika bisibisi, katika mkoa huu wetu wa Kagera liko swali ambalo haifai kulipita: je, hitilafu imo ndani ya chombo, au imo katika umeme unaokilisha? Swali hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa ndugu zetu wa mikoa mingi mingine, kwa sababu ya historia. Sehemu kubwa ya mkoa huu haikuunganishwa na gridi ya taifa kwa miaka mingi, bali ililishwa kutoka Uganda, nchi iliyokwisha kupata bwawa la Owen Falls pale Jinja tangu mwaka 1954, umeme ukisafiri kupitia Masaka, ukavuka mpaka wa Mutukula, ukafika kituo cha Kyaka, na kutoka hapo ndipo ukagawanywa kuja mjini Bukoba na kwingineko. Siku hizi pia maporomoko ya Rusumo, kule Ngara, yamejengewa mitambo ya megawati 80 inayogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini mtu wa mwisho wa laini, aliyeko kijijini Muleba, ambaye nyumba yake imeunganishwa kwa mpango wa Wakala wa Nishati Vijijini na iko mbali sana na transfoma, yeye hupokea kile kilichobaki baada ya wote walio mbele yake kuwasha pasi, majiko na mashine za kusaga. Kawaida ya umeme wetu ni volti 230. Saa za jioni, mwisho wa laini ndefu, mita huonyesha chini ya hapo, wakati mwingine chini sana, na usiku wa manane, watu wakiisha kulala, volti hupanda tena.

Na juu ya hayo tuna mvua. Bukoba ni miongoni mwa miji ya Tanzania ipatayo mvua nyingi mno, milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na Ziwa Victoria linajulikana duniani kwa tufani zake za usiku zenye radi kali. Radi haina lazima ya kuipiga nyumba ili iharibu chombo. Yatosha ipige karibu na nguzo, nguvu yake ikasafiri katika waya, au ikaingia kwa mlango ambao watu wengi hawaufikiri, yaani waya wa antena au wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi na kutoka hapo kwenda kwenye televisheni. Mtu huchomoa plagi ya ukutani mawingu yakifunga, akajiona ameokoka, na waya wa dishi ameuacha palepale.

Kwa hiyo fundi mwenye busara huanza kwa kuuliza, naye huuliza mengi. Huwaka vibaya saa ngapi? Je, taa za nyumba hufifia wakati uleule? Friji ya jirani nayo hulalamika? Je, umejaribu plagi nyingine, chumba kingine, bila ya ule waya wa kuunganishia uliojaa vyombo vitano? Je, taa nyekundu huzimika kabisa au hubaki ikiwaka? Swali hili la mwisho peke yake lina thamani kubwa kuliko saa nzima ya kubahatisha, kwa sababu taa ile ikizimika kabisa pamoja na picha, shaka huelekea kwenye waya, fyuzi, swichi na ule umeme mdogo wa akiba. Ikibaki inawaka au ikipepesa, basi umeme unaingia, na jambo liko mbele zaidi.

Niruhusiwe kueleza kidogo kilichomo ndani, kwa kadiri ya msomaji asiye fundi. Zile televisheni za zamani zenye chogo, ambazo zilienea Bara baada ya mwaka 1994 vituo vya kwanza vilipoanza kurusha matangazo, zilikuwa na mitambo mikubwa iliyovumilia mengi. Televisheni bapa ina bodi ya umeme, ambayo mafundi huiita pawasaplai, na bodi hiyo huupokea umeme wa ukutani, ikaunyoosha, na katika televisheni nyingi kubwa kiasi ikaupandisha hadi karibu na volti 400 katika kapasita moja nene, kisha ikaukatakata kwa kasi ya maelfu mengi ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ndogo, ili upatikane ule wa volti 5 unaokaa macho siku zote kuingoja rimoti, na ule wa volti 12 na 24 unaoendesha bodi kuu na taa za nyuma ya kioo. Bodi kuu ikipokea amri ya rimoti hupeleka ishara kwa pawasaplai, nayo ikaamka. Kila upande humtegemea mwenziwe, na ndipo shida ya utafiti inapoanzia; maana pawasaplai ikiwa dhaifu, bodi kuu haiamki, na bodi kuu ikiwa mbovu, pawasaplai haipati amri, au huzidiwa na mzigo ikajizima ili kujihifadhi; na kwa mtu aliyekaa kitini, yote mawili ni kioo cheusi.

Mtuhumiwa wa kwanza katika hitilafu za namna hii ni zile kapasita za majimaji, vile vijipipa vyenye kofia ya alumini. Ndani yake mna karatasi iliyoloweshwa kimiminika, na kimiminika hicho hukauka polepole kwa joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Kapasita iliyoandikwa kuwa itadumu saa 2,000 katika nyuzi 105 inaweza kutarajiwa kufikia saa 32,000 katika nyuzi 65. Lakini iweke katika televisheni iliyobanwa kabatini, au iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi ili isiingie vumbi, au iliyotundikwa katika kibanda umiza chenye bati la chini na watu wengi waliokuja kutazama mpira, ikawaka tangu asubuhi hadi usiku wa manane, na hesabu hiyo itafupika mbele ya macho yako. Wala si sisi tu tuliopatwa. Mwanzoni mwa karne hii viwanda vingi duniani viliuziwa kapasita zenye kimiminika kibovu, na mwaka 2012 kampuni ya Samsung ilikubali, katika shauri lililofunguliwa Marekani, kugharamia matengenezo ya aina kadhaa za televisheni bapa ambazo kapasita zake zilichoka mapema, na dalili yake ilikuwa hiyohiyo tunayoijua: kuchelewa kuwaka, kujizima, na ule mlio wa tiki, tiki.

Kapasita iliyovimba kichwa huonekana kwa macho, na kijana wa mwezi mmoja kazini anaweza kuitoa. Illa iko nyingine isiyovimba. Kimiminika kimepungua, upinzani wake wa ndani umepanda, lakini mita ya kawaida ikipima uwezo wake husoma karibu na ilivyoandikwa, na fundi akaiacha. Kapasita ya namna hii huwa mbaya zaidi ikiwa baridi. Alfajiri ya Bukoba, upepo wa ziwa ukiwa bado umeipoza nyumba, televisheni haiwaki. Ikiisha kuchomekwa kwa muda, ule umeme mdogo wa akiba ukaipasha joto kidogo, inawaka na kukaa vizuri mchana kutwa. Ndiyo maana mafundi wengine huipulizia hewa ya moto kwa kile chombo cha kukaushia nywele: ikiwa chombo kilichogoma kinawaka baada ya kupashwa sehemu moja, hapo pamepatikana dalili yenye nguvu.

Kinyume chake ni ufa wa risasi. Mahali mguu wa transfoma au wa soketi ulipolehemiwa kwenye bodi, kupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, kila siku kwa miaka, huchora pete nyembamba kuuzunguka mguu ule, pete ambayo bila ya kioo cha kukuzia na mwanga wa kutosha haionekani. Chombo huwaka vema kikiwa baridi. Kikiisha kupata joto la saa moja, chuma hutanuka, pete hufunguka, umeme hukatika. Kikipoa, hugusana tena. Fundi aijuaye kazi yake hugonga taratibu kwa kijiti kikavu cha mti, sehemu moja baada ya nyingine, chombo kikiwa kinawaka, akitazama ni wapi picha inaposhtuka. Na afanyapo hivyo huuweka mkono mmoja mbali na bodi, kwa kuwa ile kapasita ya volti 400 inaweza kuua, na huendelea kubeba umeme wake hata baada ya plagi kuchomolewa mpaka utolewe kwa utaratibu.

Wako pia wadudu na wanyama wadogo, na hili ni la kwetu hasa. Joto la mgongo wa televisheni huwavuta mende, sisimizi na mijusi; wakati wa senene, madirisha yakiwa wazi na taa zikiwaka, huingia kila kitu chenye mbawa. Mjusi akikauka baina ya njia mbili za umeme mkubwa huacha alama nyeusi, na kinyesi chake pamoja na unyevu wa ziwa hula shaba polepole. Siku za jua bodi huwa kavu na kazi huendelea, siku za mvua hunyonya unyevu na umeme ukapotea njia. Kusafisha kwa brashi na spiriti, na kukausha vizuri, kumeponya televisheni nyingi zilizokwisha kuhukumiwa. Na liko jambo la taa za nyuma ya kioo, ambazo moja ikianza kukatika ndani huufanya mfumo wote ujizime kwa tahadhari. Hapo mtu humulika kioo kwa tochi katika giza, akiona picha hafifu inatembea na sauti inasikika, anajua kwamba lawama si ya pawasaplai yote.

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi, ili msomaji aone kiasi cha kazi iliyomo kabla ya kipuri chochote kununuliwa. Sasa na tutazame jinsi kazi hiyo inavyolipwa.

Hutokea mara nyingi kwamba mama mmoja wa Muleba huifunga televisheni yake katika blanketi, akaipakia katika basi, akafika nayo Bukoba akiwa ameishika magotini ili isipigwe na mitikisiko ya njia. Kijana wa kibandani humpokea kwa adabu. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu. Hii inazima yenyewe, usiku hasa.” Inachomekwa, na tazama, inawaka! Ule mtikisiko wa safari umeugusanisha mguu uliokuwa umeachana na risasi yake, au ni umeme wa mjini, ulio karibu na transfoma, ambao una nguvu kuliko wa kijijini. Kijana anajua, au anashuku, kwamba hitilafu ipo. Lakini ana njia tatu tu mbele yake. Aweza kusema, “Mama, hii ni nzima,” akamrudisha na nauli yake imepotea. Aweza kusema, “Pawasaplai imekufa, tuagize nyingine,” akapata faida yake katika bodi iliyotolewa kwenye televisheni iliyovunjika kioo, bodi ambayo nayo ina kapasita za umri uleule. Au aweza kuibakiza kwake usiku mmoja na zaidi, akaiwasha jioni na kuizima alfajiri, akapima, akapasha, akagonga, akaandika, na mwisho akabadili kapasita moja ya bei ndogo, au akalehemu upya mguu mmoja, akamwambia mama gharama ya kipuri, na mama, naye hana kosa kwa kuwa hivyo ndivyo alivyozoezwa, akashangaa: “Kwa kitu kidogo namna hii, wanitoza hivi?”

Njia ya tatu ndiyo ya haki na ndiyo inayomfukarisha fundi. Tumeweka katika mila zetu kwamba kuangalia ni bure na malipo ni ya kipuri. Basi tusistaajabu mafundi wakiupenda ugonjwa mkubwa kuliko mdogo, na bodi nzima kuliko kapasita moja. Hatukuwaajiri kutafuta, tumewaajiri kubadili, nao wanabadili. Yule anayebadili kwa haraka hupata riziki yake, na yule anayetafuta kwa amana hubaki na televisheni tano mezani na njaa tumboni, mpaka siku moja naye, kwa kulazimika, anaanza kusema kwamba bodi imekufa.

Katika nafasi hiyo iliyo wazi huingia watu wabaya zaidi. Sote tunawajua vishoka, watu wanaojidai kuwa mafundi wa umeme wasio na ujuzi wala kibali. Na katika vyombo vya nyumbani wako wenzao, ambao fyuzi ikikatika huiondoa na kuweka uzi wa shaba, chombo kikawaka, mteja akafurahi, akalipa kidogo na kusifu wepesi wa mkono wake. Fyuzi ilikatika kwa sababu. Uzi ule wa shaba hautakatika. Kitakachokatika ni kitu kingine, aghalabu cha bei kubwa, na katika nyumba ya mbao au yenye mapazia karibu, huenda pakazuka moto. Mteja hupimaje baina ya fundi huyu na yule aliyetumia siku mbili kutafuta kwa nini fyuzi ilikatika, ikiwa kipimo chake ni bei ya kitu kilichowekwa?

Najua yatakayosemwa kinyume changu. La kwanza, kwamba watu ni maskini, na kuwatoza ada ya uchunguzi ni kuwaongezea mzigo. Naliheshimu neno hili, kwa kuwa wasemao hivyo huwaonea watu huruma. Lakini hebu na tuhesabu. Mama yule wa Muleba amelipa nauli ya kuja na kurudi, yeye na mzigo wake. Akauziwa bodi asiyoihitaji. Ikakaa miezi michache, hitilafu ikarudi, kwa sababu chanzo kilikuwa umeme dhaifu wa jioni kijijini kwake na dawa yake ilikuwa stabilaiza nzuri. Akalipa nauli tena. Uchunguzi wa kweli ungemgharimu sehemu ya fedha hizo. Maskini ndiye asiyeweza kulipia makosa mara mbili. Na mbona hospitalini tumekubali kulipa kumwona daktari na kulipia vipimo kabla ya dawa, wala hatusemi kwamba kidonge kilikuwa kidogo?

La pili lina nguvu zaidi: kwamba fundi akilipwa kwa wakati, ataurefusha wakati. Ni kweli kwamba anaweza. Kwa hiyo sipendekezi alipwe kwa saa, bali kwa kiasi kilichotajwa tangu mwanzo na kukubaliwa na pande zote mbili, kiasi kimoja cha uchunguzi, iwe hitilafu imeonekana mchana wa kwanza au usiku wa nne. Na kiasi hicho kipunguzwe katika bei ya matengenezo mteja akikubali kutengenezewa. Fundi hodari atafaidika kwa uhodari wake, na mzembe hatapata kitu kwa uzembe.

Wala tusidhani kwamba kuuthamini ujuzi ulio kichwani ni jambo geni lililoletwa kwetu na watu wa mbali. Nchi hii ya Wahaya ni nchi ya mafundi wa kale. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za tanuri za chuma zilizofukuliwa katika sehemu hizi za magharibi ya ziwa, za zamani za miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000, na wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi ile waliijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele yao. Wazee wale walipanga viriba na mifereji ya udongo kwa namna ambayo, kwa maelezo ya wataalamu hao, hewa ilipata joto kabla ya kuufikia moto, na chuma chenye sifa ya feleji kikapatikana. Thamani ya mtu wa namna ile haikuwa katika mkaa na udongo, vitu ambavyo kila kibanja kilikuwa navyo, bali katika kujua ni lini na kwa kiasi gani. Na kijana wa leo wa Nshambya, anayeukisia ufa wa risasi kwa kuisikiliza televisheni inavyolia, anastahili kutazamwa kwa staha ileile.

Upande wa mafunzo nao una deni lake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vijana wengi wamepata humo msingi mwema wa umeme na elektroniki. Ningependa kuona kwamba katika vyuo vyake mwanafunzi hatahiniwi tu kwa chombo kilichokufa, bali apewe pia chombo chenye hitilafu ya kupotea na kurudi, aachiwe siku kadhaa, atahiniwe kwa daftari lake: alishuku nini, alipima wapi, aliondoa dhana gani na kwa ithibati gani. Mtu aliyekwisha kufundishwa kuandika hivyo hawezi kwa urahisi kurejea katika kubahatisha.

Mteja pia ana wajibu, na wajibu huu haumgharimu fedha. Aandike, hata nyuma ya karatasi ya daftari la mtoto, siku na saa ambazo chombo kilizima, kama mvua ilikuwa inanyesha, kama taa zilififia, kilikuwa kimewaka kwa muda gani, na kilirudi chenyewe au kwa kuchomolewa. Alete waya wake na rimoti yake. Na amwambie fundi ukweli kama chombo kimekwisha kufunguliwa na mtu mwingine, hata akiwa ni shemeji yake, kwa kuwa fundi anayefichwa jambo hilo hutafuta kosa la kiwandani mahali palipo na kosa la mkono wa jana. Mwenye kibanda umiza, ambaye riziki yake yote inategemea kioo kimoja, na ambaye akizimikiwa katikati ya mchezo hurudishiana fedha na watu wenye hasira, yeye hasa angefaa kuwa na daftari la namna hii, na kukipumzisha chombo chake mgongo ukiwa mbali na ukuta.

Kwa mafundi wa Nshambya na wenzao wa mjini kote nina ombi lililo wazi. Tundikeni ukutani, mahali mteja anapoona kabla ya kushusha mzigo wake, bei mbili: ya kutafuta, na ya kutengeneza. Chombo kinachotoka mbali kilale kwenu walau usiku mmoja kikiwa kinawaka, ili saa mbili usiku ikikute kikiwa mbele ya mita. Kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe katika kifuko. Na ikiwa baada ya jitihada zote hitilafu haikuonekana, mwambieni hivyo bila ya kuona haya, pokeeni ada yenu, na mpeni karatasi yenye kueleza volti mlizozikuta, sehemu mlizozikagua na zile mlizoziona ni salama, ili fundi wa Muleba au wa Kyaka atakayekipokea baada yenu aanzie pale mlipoishia.